Sura ya Sita: Mwekundu Usiopitia Pipani

Swali hili hujitokeza karibu kila darasa ninalofundisha wahudumu wa hoteli. Mmoja huichukua chupa, huigeuza asome lebo ya nyuma, kisha huuliza: "Mwalimu, hapa wameandika kwamba huu haukuwekwa kwenye pipa. Mgeni akiniuliza maana yake, nimwambie nini? Kwamba ni wa bei poa?" Wenzake hucheka, halafu hunyamaza kusubiri jibu, maana kila mmoja alikuwa na swali hilohilo rohoni.

Ukilichambua, ni maswali mawili. La kwanza: mvinyo mwekundu ambao haukupita kwenye pipa umepungukiwa na nini? La pili ndilo analolitaka mgeni hasa: aunywe na chakula gani? Katika sura hii tutayajibu yote kwa kuufuata mvinyo mmoja, mseto mwekundu wa kusini mwa Ufaransa uitwao Côtes du Rhône (tamka kot-dyu-ron). Sehemu kubwa yake hukomazwa ndani ya matangi, na wenyeji wake huunywa mezani siku yoyote ya wiki.

Tukubaliane kwanza juu ya jina. Divai tumelipata kwa Wafaransa, mvinyo kwa Wareno, waini kwa Waingereza. Wapo wanaoita kileo chochote kikali mvinyo. Humu nitatumia neno hilo kwa kinywaji kimoja tu: maji ya zabibu yaliyochacha.

Anza na chai ya rangi

Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi, kijana wa Tanga, ambaye kwa dini yake hanywi kileo. Alikaa nyuma ya darasa akiamini kuwa somo hili halimhusu. Nikamwomba aende jikoni achemshe chai ya rangi, aache majani ndani kwa dakika kumi, asitie sukari. Akarudi na vikombe viwili. Alipopiga funda la kwanza akakunja uso.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Inakausha ulimi, mwalimu. Kama nimetafuna ndizi mbichi."

Nikamwambia huo ukakasi una jina: tanini. Tanini imo katika majani ya chai, maganda na mbegu za zabibu, ndizi ambazo hazijaiva, na magome na mbao za miti. Ikiingia kinywani hushikana na protini zilizomo katika mate, mate yakapoteza utelezi wake. Huionji kama unavyoonja chumvi. Unaihisi, kama vidole vinavyohisi gunia.

Kikombe cha pili nikamwambia akitie maziwa. Akanywa, akatikisa kichwa: ukakasi ulikuwa umepungua mno. Protini ya maziwa ilikuwa imeshaikamata tanini kabla haijayafikia mate. Sasa ondoa chai uweke mvinyo mwekundu, ondoa maziwa uweke kipande cha nyama. Kijana yule alikuwa ameelewa nusu ya elimu ya kulinganisha mvinyo na chakula, na hakuwa ameonja hata tone.

Pipa hufanya kazi gani?

Mapipa ya mvinyo hutengenezwa kwa mwaloni, mti wa nchi za baridi wenye mbao ngumu zisizovuja. Pipa la kawaida la Bordeaux huchukua lita 225. Ili kuzikunja mbao, fundi huwasha moto katikati ya pipa ambalo halijakamilika, na moto huo huubabua upande wa ndani. Mvinyo ukikaa humo kwa miezi kadhaa, pipa huufanyia mambo matatu:

- Huutia harufu: vanila, karafuu, nazi, moshi, wakati mwingine mkate uliobanikwa.
- Huuongezea tanini: ile ya mti hujumlishwa na ile ya zabibu.
- Huuingizia hewa kidogo kidogo: mvinyo hutulia, ukali wake hulainika.

Pipa jipya ndilo lenye nguvu. Likishatumika mara tatu au nne, harufu yake huwa imeisha, likabaki chombo tu. Na kwa kuwa mapipa mapya ni ghali, wapo wanaotumbukiza vipande vya mwaloni ndani ya tangi ili wapate harufu ileile kwa fedha kidogo. Umoja wa Ulaya uliwaruhusu watengenezaji wake kufanya hivyo mwaka 2006. Kwa hiyo ukinusa vanila kwenye glasi, usikimbilie kuamini kwamba umeuziwa kitu cha thamani.

Je, usiopita huko umepungukiwa? Fikiria mtungi. Katika nyumba nyingi za pwani ilikuwa desturi kuufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuutia maji. Maji yake yalikuwa na ubaridi wa udongo na harufu tamu, na mgeni akikaribishwa kata moja alijua ameheshimiwa. Lakini hakuna aliyeyaita maji yasiyofukizwa kuwa pungufu. Kinyume chake, ukitaka kujua kisima cha nani kina maji matamu, unaonja yaliyotoka kisimani moja kwa moja, kwa sababu ubani unaweza kusetiri magadi. Mvinyo wa tangini uko hivyo. Zabibu zikiwa nzuri utazionja, na zikiwa mbovu hakuna cha kuzisetiri.

> Kwa ufupi: Pipa jipya ni kiungo kama viungo vingine. Kutowekwa ndani yake ni uamuzi wa mtengenezaji. Hakukwambii kama mvinyo ni mzuri au mbaya. Kunakwambia utaonja nini.

Bonde la upepo na mawe

Mto Rhône huanzia kwenye milima ya Uswisi, ukapita Ziwa Geneva, ukaingia Ufaransa na kushuka kusini hadi bahari ya Mediterania. Mashamba ya Côtes du Rhône yamo kati ya miji ya Vienne na Avignon, mwendo wa kilomita 200 hivi. Upande wa kaskazini bonde ni jembamba na miteremko ni mikali. Upande wa kusini, unaotuhusu hapa, bonde hupanuka, jua huwa kali, na mvua za kiangazi ni chache.

Mbali na jua, kuna upepo uitwao mistral. Huvuma kutoka kaskazini, na siku zikiwa mbaya hupita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Mkulima huulaani huku akiushukuru: huvunja matawi, lakini pia hukausha umande na kuzuia ukungu usiozeshe zabibu. Ndiyo maana mizabibu ya zamani ya huko haikutundikwa kwenye nyaya. Imekatwa ibaki mifupi kama kichaka, shina nene lililojikita chini, upepo upite juu yake. Kando ya mashamba huota rozimari na thaimu za porini, na mawe ya mviringo yaliyosombwa na mto zamani za kale hupata joto mchana yakalitoa usiku.

Jina la mvinyo huu lilizaliwa juu ya pipa. Mwaka 1737 mfalme wa Ufaransa aliamuru mapipa yote yanayosafirishwa kutoka bandari ya mtoni ya Roquemaure yapigwe chapa ya moto yenye herufi tatu, C.D.R., ili walaghai wasiuze mvinyo wa kwingine kwa jina la hapo. Angalia kazi ya pipa wakati ule. Lilikuwa gunia na dumu la enzi hizo, chombo cha kubebea mzigo. Hakuna aliyelilipia kwa ajili ya harufu ya vanila.

Karibu na Roquemaure hiyohiyo, miaka ya 1860, mizabibu ilianza kufa bila sababu iliyoonekana. Aliyeiua ni mdudu mdogo wa jamii ya vidukari aitwaye filoksera, aliyeletwa na miche kutoka Marekani. Alifyonza mizizi hadi mmea ukanyauka, na kwa miongo michache alikuwa ameangamiza mashamba ya karibu Ulaya yote. Dawa iliyopatikana ni ile anayoijua kila mkulima wa maembe: kubebesha. Tawi la mzabibu wa Ulaya lilipandikizwa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake inamstahimili mdudu huyo. Hadi leo mizabibu mingi ya Ufaransa inasimama juu ya mizizi ya Marekani.

Mwaka 1937 Côtes du Rhône likawa jina linalolindwa na sheria: zabibu zitoke wapi, ziwe za aina gani, zivunwe kiasi gani kwa hekta. Na katika nusu ya kwanza ya karne hiyo ya 20, wakulima wadogo wa kusini mwa Ufaransa walijiunga katika vyama vya ushirika, wakajenga maghala ya pamoja. Walichojenga ndani yake ni matangi makubwa ya zege. Zege lilikuwa nafuu, halivuji, kuta zake nene hulinda mvinyo usipate joto na baridi kwa ghafla, na halina harufu ya kuuambukiza. Baadaye yakaja matangi ya chuma kisichoshika kutu. Unafuu, basi, ulichangia. Lakini ipo sababu nyingine, na hiyo imo ndani ya zabibu zenyewe.

Mseto: kila zabibu na zamu yake

Mseto ni mvinyo uliotokana na aina zaidi ya moja ya zabibu. Wapo wanaoudharau wakidhani ni mabaki yaliyokusanywa. Ingia jiko la mpishi wa pilau umwambie kwamba anachanganya kwa sababu mdalasini pekee haukumtosha, uone atakavyokujibu. Kanuni za Côtes du Rhône zinaruhusu zaidi ya aina 20 za zabibu, lakini katika mivinyo mingi myekundu ya kusini zinazobeba mzigo ni hizi:

- Grenache (tamka grenash). Huu ndio mchele wa pilau hii. Zabibu yenye ganda jembamba na sukari nyingi, kwa hiyo hutoa kileo cha kutosha, ulaini, na ladha ya forosadi na stroberi zilizoiva sana. Tanini yake ni ndogo na rangi yake si nzito.
- Syrah (tamka sira). Huleta rangi ya zambarau, tanini, na harufu ya pilipili manga ambayo hata asiyejua mvinyo huitambua.
- Mourvèdre (tamka murvedri). Hupenda joto na huchelewa kuiva. Huleta uti wa mgongo, yaani tanini, na harufu ya ngozi na nyama ya porini.
- Cinsault na Carignan. Ya kwanza hupunguza uzito, ya pili huongeza uchachu, yaani ule ukali kama wa ndimu unaofanya mate yatoke.

Tusimame kidogo kwenye Syrah. Australia na Afrika Kusini huiita Shiraz, jina la mji wa Uajemi ambalo mtu wa pwani yetu analijua kwa sababu nyingine kabisa. Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba mzabibu huo uliletwa Ufaransa kutoka Shiraz. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya 1990 vilimaliza ubishi: wazazi wake ni mizabibu miwili ya kusini-mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Ushirazi wake ni wa jina tu.

Sasa turudi kwenye ile sababu iliyomo ndani ya zabibu. Grenache ina udhaifu mmoja, nao ni hewa. Ukiliacha parachichi lililokatwa mezani, baada ya muda linageuka kahawia. Grenache nayo ikipata hewa nyingi hufifia rangi na kupoteza utamu wa matunda haraka kuliko wenzake. Pipa dogo, lenye mbao zinazopenyeza hewa, si rafiki yake. Tangi kubwa la zege huilinda. Kisha Syrah na Mourvèdre, ambazo haziharibiwi upesi na hewa, huisaidia kubaki imara.

Hapo ndipo jibu la swali letu la kwanza lilipo. Kwingine mtengenezaji mwenye zabibu ya aina moja hulitegemea pipa limpe tanini, viungo na uthabiti. Hapa zabibu zimegawana kazi hizo. Tanini hutoka kwa Mourvèdre, pilipili manga kwa Syrah, ulaini kwa Grenache. Pipa likiletwa litakuta kila kiti kimekaliwa.

Kutoka shambani hadi chupani

1. Zabibu huvunwa mwishoni mwa kiangazi, zaidi mwezi Septemba.
2. Huvunjwavunjwa na kutiwa tangini pamoja na maganda yake. Maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Wekundu umo gandani.
3. Chachu, ambayo ni jamaa wa hamira ya maandazi, hula sukari na kutoa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi husukuma maganda juu yakawa kama kofia, na kila siku maji hupandishwa kwa pampu yakamwagwa juu ya kofia hiyo ili yachukue rangi na tanini.
4. Baada ya wiki moja hadi tatu, maganda hukamuliwa na kutupwa.
5. Bakteria hugeuza asidi kali, ile ya tofaa bichi, kuwa asidi laini ya maziwa. Mvinyo hupoa kinywani.
6. Hupumzika tangini miezi kadhaa. Fundi huonja tangi moja moja, huamua vipimo vya mseto, kisha hutia chupani.

Kwenye lebo za Kifaransa tafuta maneno *élevé en cuve*, yaani umelelewa tangini. Ukiona *en fût de chêne*, umepita kwenye pipa la mwaloni.

Meza ya nyumbani kwake

Mvinyo ni kama methali: huelewi vizuri mpaka ujue unatumika wapi. Chakula kinachoutambulisha mseto huu ni *daube*, mchuzi wa ng'ombe wa Provence, eneo la kusini mwa Ufaransa. Mpishi huchukua nyama ya muundi, ile yenye mishipa inayochukiwa na wenye haraka, huikata mapande ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, na kuilaza usiku kucha ndani ya mvinyo pamoja na vitunguu, karoti, kitunguu saumu, thaimu, jani la bei na kipande cha ganda la chungwa. Kesho yake sufuria hufunikwa na kuachwa juu ya moto mdogo kwa saa tatu, nne au zaidi. Mishipa huyeyuka, mchuzi ukawa mzito unaonata midomoni. Ukipiga funda la mvinyo baada ya tonge hilo, tanini hukutana na protini na mafuta kama ilivyokutana na maziwa katika kikombe cha yule kijana, na kinachobaki kinywani ni utamu wa forosadi na majani ya viungo.

Lakini meza hiyohiyo ina *ratatouille*: biringanya, nyanya, hoho na mamumunye yaliyopikwa kwa mafuta ya zeituni, bila kipande cha nyama. Ina zeituni nyeusi zilizopondwa, na ina jibini ndogo ya mbuzi iitwayo Picodon. Yote huliwa na mvinyo uleule. Kwa hiyo ile kanuni ya hotelini, mwekundu kwa nyama na mweupe kwa samaki, inakusaidia hatua mbili tatu tu. Rangi ya chakula haina neno. Linalohusu ni kilichomo ndani yake.

Kanuni tano za kutembea nazo

- Mafuta na protini hulainisha tanini. Nyama yenye mafuta, jibini na maharage hufanya mvinyo uonekane mpole.
- Chumvi ni rafiki. Hupunguza uchungu na kuyaleta mbele matunda.
- Uchachu hutaka uchachu. Chakula chenye ndimu au nyanya nyingi huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umepooza.
- Pilipili huwashwa zaidi na kileo. Mseto huu huwa na kileo cha asilimia 13 hadi 14 na nusu. Pilipili ya wastani inavumilika, hasa kwa kuwa hakuna tanini ya mti juu yake. Pilipili mbuzi kwa wingi itawasha moto usiozimika.
- Sukari huuharibu. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo hugeuka mkali na mchungu.

Na kwenye sahani zetu?

Kanuni hizo hazina uraia. Zipeleke kwenye meza za Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura zitafanya kazi ileile.

*Vinavyopatana nao:*

- Mbuzi wa kuchoma kwa chumvi. Mafuta yapo, chumvi ipo, na moshi umeshaletwa na mkaa. Mvinyo wenye moshi wa pipa ungerudia neno lililokwisha kusemwa.
- Pilau ya ng'ombe. Karafuu na pilipili manga zimo sufuriani. Syrah huitikia pilipili manga, na kwa kuwa hakuna pipa, huweki karafuu juu ya karafuu.
- Kitimoto na ndizi za kukaanga. Mafuta mengi hutaka kinywaji kinachosafisha kinywa.
- Mchuzi wa biringanya na nyanya. Huyu ni ndugu wa *ratatouille*, amezaliwa mbali tu.
- Mishkaki, ikiwa pilipili haikuzidi.

*Vinavyogombana nao:*

- Dagaa na samaki wenye mafuta mengi. Mivinyo mingi myekundu ina chembe za madini ya chuma, na chembe hizo zikikutana na mafuta ya samaki huzaa shombo kali.
- Samaki wa kupaka. Utamu wa tui na ukali wa ukwaju vinataka mvinyo mweupe wenye uchachu.
- Halua, kaimati na keki. Kanuni ya tano.

Ukiwa Dodoma, una nafasi ya kujaribu haya karibu na shamba. Syrah ni miongoni mwa zabibu zinazolimwa huko, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuilaza mizabibu, mkulima huipogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ukifika kwenye kiwanda uliza maswali mawili: ni zabibu gani, na mvinyo ulikaa kwenye nini? Majibu yatakuambia zaidi ya bei.

Joto la chumba: chumba cha nani?

Kosa linaloua mvinyo huu zaidi ya yote halitokei Ufaransa. Hutokea barazani kwetu. Nilikaa katika hoteli moja ya Dar es Salaam, mwezi Januari, nikaagiza chupa ya mseto wa Rhône. Mhudumu akaileta kutoka kabati lililokuwa karibu na mlango wa jiko. Nikaishika, ilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha uji. Mvinyo ulinuka kileo kwanza, matunda baadaye, na kila funda lilipita kooni kama dawa ya kikohozi. Nikaomba ndoo ya barafu. Mhudumu akanisahihisha kwa upole: "Mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, mzee."

Alifundishwa hivyo, na hakukosea neno. Chumba ndicho kilichokosewa. Usemi huo ulitoka katika nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha joto, ambamo chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Baraza ya Dar mwezi Januari hupita nyuzi 30. Mseto mwekundu usio na pipa hupendeza kwenye nyuzi 15 au 16, hata 14 kama siku ni ya joto. Fuata hivi:

- Uweke kwenye friji mapema kabla ya kula, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 10 hadi 15.
- Usijaze glasi. Theluthi moja inatosha. Hautapata joto kabla hujaumaliza.
- Ukibaki, rudisha kizibo uweke kwenye friji. Utadumu siku mbili au tatu.
- Usiuhifadhi miaka kumi ukingoja maajabu. Mivinyo mingi ya aina hii ni ya kunywewa ndani ya miaka michache tangu mavuno.

> Muhtasari wa sura
> - Pipa huongeza harufu, tanini na hewa. Tangi haliongezi kitu. Huacha zabibu zijisemee.
> - Katika mseto wa Côtes du Rhône, Grenache, Syrah na Mourvèdre hugawana kazi ambayo kwingine hupewa pipa.
> - Tazama mafuta, chumvi, uchachu, pilipili na sukari ya chakula kabla ya kutazama rangi yake.
> - Upoze kidogo. Joto letu si joto la chumba chao.

Yule kijana wa Tanga alipata kazi. Miezi kadhaa baadaye nilikula pale anapohudumu, nikakaa pembeni asinione. Meza ya jirani mzee mmoja aliigeuza chupa, akasoma lebo ya nyuma, akauliza lile swali.

"Haukupita kwenye pipa, mzee," kijana akamjibu. "Ni zabibu zenyewe, na zina pilipili manga kwa mbali. Umeagiza mbuzi, si ndiyo? Basi niruhusu niuweke kwenye barafu dakika kumi kwanza."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza bei.